Soma Lebo Kabla ya Kulipa: Pawasaplai ya Kompyuta na Kadi Mpya ya Grafiki

Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa walaji



 Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kifaa kimoja kilichofichika ndani ya kompyuta ya mezani. Kifaa ambacho mnunuzi hakitazami, muuzaji hakisifu, na bei yake haitajwi katika mapatano. Kifaa hicho ni pawasaplai, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila sehemu ya mashine.

Tunakizungumzia kwa sababu kompyuta ya mezani imekuwa mtaji. Yupo kijana anayehariri video za harusi, yupo mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora nyumba, yupo mwenye kibanda cha michezo ya kompyuta. Wengi wao walinunua mashine zilizokwisha kutumika maofisini, ambazo ni imara na bei yake inavumilika. Siku moja huambiwa kwamba mashine ni nzima, ila inahitaji kadi ya grafiki, yaani kile kibao kinachobeba kazi nzito za picha. Mtu hudunduliza fedha kwa miezi, huenda dukani, hununua kadi, huichomeka nyumbani, na pale kazi inapopamba moto mashine huzimika. Fedha imekwenda, kazi ya mteja imesimama, na muuzaji anashikilia kwamba kadi yake ni nzima. Na pengine kweli ni nzima. Kilichoshindwa ni kile kisanduku ambacho hakuna aliyekitazama.

Nawaomba mchukue jambo moja kutoka katika mazungumzo haya: namba kubwa iliyochapwa kwenye pawasaplai si ushahidi wa kutosha kwamba kadi mpya itafanya kazi. Ushahidi umo katika maandishi madogo ya lebo, katika viunganishi vya waya, na katika hesabu ya kujumlisha na kuzidisha ambayo kila mmoja wetu aliisoma shule ya msingi. Na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipa.

Pawasaplai hufanya kazi gani?

Umeme unaofika katika nyumba zetu ni wa volti 230, tena ni wa mkondo geu. Sehemu za ndani ya kompyuta haziwezi kuutumia umeme huo kama ulivyo. Pawasaplai huupunguza na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huusambaza kwa njia ya waya. Katika kompyuta za zamani sana, volti 5 na volti 3.3 ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Katika kompyuta za sasa mzigo umehamia kwenye volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo walaji wakubwa wa umeme ndani ya kasha, hutegemea njia hiyo.

Kipimo cha nguvu ni wati, na wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Njia ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 20 hutoa wati 240. Hesabu hii ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Hatua ya kwanza: jua mahitaji ya kadi

Mtengenezaji wa kadi hutangaza namba mbili, nazo zisichanganywe. Namba ya kwanza ni nguvu inayotumiwa na kadi yenyewe. Namba ya pili ni ukubwa wa pawasaplai anaoushauri kwa mashine nzima. Kadi ya GTX 1650 hutumia takriban wati 75, na pawasaplai inayoshauriwa ni ya wati 300. Kadi ya RTX 3060 hutumia wati 170, na ushauri ni wati 550. Kadi ya RTX 4090 hutumia wati 450, na ushauri ni wati 850.

Mtaona kwamba namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza kwa mbali. Sababu ni kwamba mtengenezaji hajui kompyuta yako ina prosesa gani wala pawasaplai yako ni ya ubora gani. Kwa hiyo huacha nafasi ya usalama. Yapo pia matumizi ya ghafla. Kadi kubwa za siku hizi huweza kuvuta, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, nguvu nyingi kuliko wastani wake uliotangazwa. Ndiyo maana kanuni za pawasaplai zilizotolewa mwaka 2022, zijulikanazo kama ATX 3.0, ziliweka masharti mapya ya kustahimili mivuto hiyo ya ghafla. Pawasaplai ya zamani ambayo kwa wastani inatosha kwa shida huweza kuzimika kwa mvuto mmoja wa namna hiyo.

Zingatieni vilevile kwamba jina moja la kadi hutengenezwa na makampuni mengi. Kadi mbili zenye jina la GTX 1650 huweza kutofautiana: moja haihitaji waya wowote wa ziada, nyingine ina tundu la pini sita linalodai waya wake. Andikeni jina kamili la modeli, pamoja na jina la kampuni iliyoitengeneza, kisha msome maelezo ya modeli hiyo hasa.

Hatua ya pili: soma maandishi madogo ya lebo

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua ubavu wa kasha, na utafute lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Ipige picha kwa simu. Picha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Kwenye lebo utaona jedwali. Safu moja inaonyesha volti: +3.3V, +5V, +12V na nyinginezo. Chini yake zimeandikwa ampea kwa herufi A. Tazama ampea za +12V na uzizidishe kwa 12. Hiyo ndiyo nguvu halisi inayoweza kuifikia kadi na prosesa.

Tuchukue mfano wa lebo inayojitangaza kwa herufi kubwa kuwa ni ya wati 650, lakini kwenye safu ya +12V imeandikwa 20A. Kumi na mbili mara ishirini ni 240. Huyu anayejiita 650 ana wati 240 tu mahali zinapohitajika. Hizo nyingine zimetoka wapi? Pengine zimejumlishwa kutoka njia za volti 5 na volti 3.3, ambazo kadi hainufaiki nazo kwa kiasi cha maana. Pengine ni nguvu ya kilele, ile ambayo kifaa huweza kuitoa kwa muda mfupi tu; hapo utaona neno PEAK au MAX karibu na namba. Nguvu ya kuaminika ni ile ya kudumu, inayotolewa saa baada ya saa bila kifaa kuelemewa.

Lebo nyingine huonyesha njia mbili, +12V1 na +12V2, kila moja ikiwa na ampea zake. Usizijumlishe ukadhani umepata jibu. Tafuta mahali palipoandikwa kikomo cha pamoja cha njia za volti 12, kwa kuwa mara nyingi kikomo hicho ni kidogo kuliko jumla ya hizo mbili.

Na ikiwa pawasaplai haina lebo, au lebo haina safu ya ampea, hilo lenyewe ni jibu. Kifaa kisichosema uwezo wake kisikabidhiwe kadi ya thamani.

Hatua ya tatu: tazama viunganishi

Umeme hufika kwenye kadi ya grafiki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sloti, yaani ule mfereji mwembamba kwenye ubao mama ambamo kadi huchomekwa. Kwa kanuni, sloti ya kadi ya grafiki hutoa hadi wati 75. Hata hivyo, katika baadhi ya kompyuta za ofisi zenye makasha membamba, mtengenezaji ameweka kikomo cha chini zaidi. Hilo husomwa katika mwongozo wa mashine husika.

Njia ya pili ni waya utokao moja kwa moja kwenye pawasaplai. Kiunganishi cha pini sita kimekusudiwa kupitisha wati 75, na cha pini nane wati 150. Kwa hiyo kadi yenye tundu moja la pini nane huweza kupata 75 za sloti na 150 za waya, jumla wati 225. Kadi ya wati 170 hutosheka humo.

Kadi mpya za daraja la juu hutumia kiunganishi kimoja chenye pini 16, kinachoweza kupitisha hadi wati 600. Mwaka 2022, baada ya kadi za RTX 4090 kuingia sokoni, ziliripotiwa habari za viunganishi vya aina hiyo kuyeyuka. Kampuni ya NVIDIA ilieleza mwezi Novemba mwaka huo kwamba tatizo lililoonekana mara nyingi ni kiunganishi kutosukumwa hadi mwisho. Baadaye umbo la kiunganishi hicho lilirekebishwa. Funzo kwa mlaji ni jepesi: waya usukumwe mpaka ukae sawasawa, usikunjwe kwa nguvu karibu na tundu, na usiachwe ukiwa nusu nje.

Sasa angalia pawasaplai yako: ina waya wa aina inayodaiwa na kadi? Msiuchanganye na waya wa prosesa, ambao nao huweza kuwa na pini nane lakini mpangilio wake ni tofauti. Ikiwa waya wa kadi haupo, huo ni ujumbe kutoka kwa mtengenezaji kwamba pawasaplai hiyo haikuundwa kwa ajili ya kadi ya namna hiyo. Hapa ndipo baadhi ya wauzaji hutoa adapta ya bei ndogo na kusema kazi imekwisha.

Tuitazame adapta inayotoka kwenye waya wa diski, uitwao SATA, kwenda kwenye kiunganishi cha pini sita. Waya wa SATA una pini tatu za volti 12, kila moja ikiwa na kikomo cha ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Lakini kiunganishi cha pini sita huruhusu kadi kuvuta hadi wati 75. Adapta imebadilisha umbo la tundu; haikuongeza uwezo wa waya. Kadi ikivuta stahili yake, pini hupata joto, plastiki hulainika, na katika chumba chenye pazia na godoro hilo si jambo la kufanyia majaribio. Adapta ya namna hiyo ikataliwe.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya mashine nzima

Tuchukue mashine inayofahamika sana katika biashara ya kompyuta zilizotumika: Dell OptiPlex 9020 ya kasha kubwa. Pawasaplai yake ya asili ni ya wati 290. Tuseme ndani yake mna prosesa ya Core i5-4570, ambayo kiwango chake ni wati 84. Kwa ubao mama, kumbukumbu, diski na feni, tukadirie wati 50. Mashine bila kadi inahitaji basi takriban wati 134 ikiwa kazini.

Ongeza kadi ya RTX 3060 yenye wati 170. Jumla ni 304. Tumekwisha kuvuka 290 kabla hata ya kuacha nafasi ya usalama. Kadi hiyo haifai humo, na maelezo yoyote ya muuzaji hayawezi kuibadilisha hesabu hiyo.

Sasa ongeza badala yake kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, yenye wati 75. Jumla ni 209, ambayo ni takriban asilimia 72 ya 290. Kanuni ya vitendo ni kwamba mzigo wa kawaida usizidi sana asilimia 70 hadi 80 ya uwezo, na hapa tumo ndani ya mpaka. Mtengenezaji wa kadi anashauri wati 300, nasi tuna 290. Pengo hilo ni dogo, na hesabu ya mashine hii hasa inaonyesha nafasi iliyobaki. Hata hivyo mlaji mwangalifu atataka muuzaji aijaribu kadi ndani ya mashine hiyo mbele yake.

Rudini sasa kwenye ile lebo ya wati 650 yenye ampea 20. Tuseme mtu ameshauriwa kuinunua ili abebe RTX 3060. Kadi ni wati 170, prosesa ni 84, jumla ni 254, na zote mbili zinategemea volti 12. Uwezo wa njia hiyo ni 240. Amelipia 650, na bado hana hata za kutosha kadi na prosesa peke yake. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba namba kubwa si ushahidi.

Lipo na jambo jingine kuhusu mashine za ofisi. Si kila pawasaplai huweza kubadilishwa kwa nyingine ya kawaida. OptiPlex 9020 hutumia kiunganishi kikuu cha pini nane kwenye ubao mama, ilhali pawasaplai za kawaida zina kiunganishi kikuu cha pini 24. Mashine nyingine zina kisanduku chenye umbo la pekee kisichoingiliana na makasha mengine. Kwa hiyo anayepanga kununua kadi kubwa aulize kwanza gharama ya kubadili pawasaplai, aijumlishe na bei ya kadi, kisha alinganishe na kadi ndogo inayoingia bila kubadili chochote. Mara nyingi kadi ndogo inayofanya kazi kila siku humfaa mwenye studio kuliko kadi kubwa inayozima mashine katikati ya kazi.

Mitego mingine

Upo mtego wa swichi nyekundu. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma, karibu na tundu la waya, iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka katika umeme wetu wa volti 230 ikiwa hivyo, pawasaplai huweza kuharibika papo hapo. Itazameni kabla ya kuwasha mashine yoyote iliyotumika.

Upo mtego wa nembo. Nembo ya 80 PLUS, ambayo mpango wake ulianza mwaka 2004, huonyesha kwamba pawasaplai haipotezi umeme mwingi: angalau asilimia 80 ya umeme inaouvuta ukutani hufika ndani ya mashine. Mashine ikitumia wati 400 kwa ufanisi wa asilimia 80, ukutani huvutwa wati 500, na 100 zinazobaki huwa joto. Madaraja ya juu kama shaba na dhahabu hupoteza kidogo zaidi. Hiyo ni faida kwa bili ya umeme, lakini nembo haiongezi wati hata moja, wala haithibitishi peke yake kwamba kifaa kina kinga zote. Tena nembo huweza kuchapwa na yeyote. Modeli zilizopimwa kweli zimeorodheshwa kwenye intaneti. Mlaji ana haki ya kumwomba muuzaji amwonyeshe jina la modeli katika orodha hiyo.

Upo mtego wa waya za kuchomoka. Pawasaplai nyingine zina waya zinazotenganishwa na kisanduku. Waya wa kisanduku kimoja usitumike kwenye kingine, hata kama unaingia bila shida. Upande wa kadi huwa sawa, lakini upande wa kisanduku kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na mpangilio usiolingana huweza kuunguza diski, ubao mama au kadi.

Na upo mtego wa kujitengenezea. Pawasaplai isifunguliwe na mtu asiye fundi wake. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Dalili za kuelemewa

Kwa wale waliokwisha kununua, zipo dalili za kutambua. Mashine inayofanya vizuri unapoandika barua au kusoma habari, lakini inazimika au kujiwasha upya kazi ya picha inapoanza, huenda inaelemewa na mzigo. Harufu ya kuungua, mlio mkali usio wa kawaida, au kiunganishi kilichobadilika rangi ni sababu ya kuzima na kuchomoa mara moja. Msiendelee kujaribu ili kuona kama itarudia. Pawasaplai nzuri hujizima ili kulinda mashine. Isiyo na kinga huweza kuharibika pamoja na ubao mama na diski yenye kazi za miaka.

Ndiyo maana kuwasha mashine dukani na kuona picha kwenye skrini si jaribio la kutosha. Wakati huo kadi imepumzika. Mwombe muuzaji aendeshe programu nzito kwa dakika 15 au 20 huku mkitazama. Anayeiamini bidhaa yake hatasita.

Haki zako na namna ya kuzitumia

Ndugu zangu, hesabu inakulinda kabla ya kununua. Sheria inakulinda baada. Lakini sheria nayo humsaidia zaidi mlaji aliyejiandaa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka msingi muhimu. Mnunuzi anapomjulisha muuzaji kusudi la kununua bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa hiyo ni ya aina ambayo muuzaji huiuza katika biashara yake, huchukuliwa kuwa ni sharti la mauzo kwamba bidhaa itafaa kwa kusudi hilo. Lakini kinga hiyo hupungua mnunuzi anapoagiza bidhaa mahususi kwa jina lake la kibiashara tu.

Tazameni maana yake kaunta. Mtu anayefika na kusema, "Kaka, nipe RTX 3060," amejichagulia mwenyewe, na kusudi lake hakulitaja. Mwingine anafika na kusema, "Kaka, kompyuta yangu ni hii, na hii ni picha ya lebo ya pawasaplai yake. Nahariri video. Nataka kadi itakayofanya kazi humu bila kubadili pawasaplai. Ukiniuzia, naomba uandike hivyo kwenye risiti." Huyu wa pili amelieleza kusudi, ameonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji, na ameacha maandishi. Sentensi moja kwenye risiti huweza kuokoa akiba ya miezi.

Dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa, na uhakikishe jina kamili la modeli limeandikwa mahali fulani, iwe kwenye risiti au kwenye hati ya dhamana. Uliza dhamana ni ya muda gani, na kama inahusu kubadilishiwa bidhaa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Hifadhi boksi na vifungashio. Piga picha namba ya utambulisho wa kadi mbele ya muuzaji, ili baadaye pasiwe na mabishano kama kadi iliyorudishwa ndiyo iliyouzwa.

Mgogoro ukitokea, anza na muuzaji kwa maandishi, ukieleza ulichonunua, lini, tatizo ni nini na unataka nini. Usiporidhika, malalamiko kuhusu udanganyifu wa kibiashara na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Na mashaka kuhusu ubora na usalama wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali matano ya kwenda nayo dukani

Kwa kuhitimisha, naomba kila mmoja aandike maswali haya kwenye simu yake.

Moja, kadi hii ya modeli hii hasa hutumia wati ngapi, na mtengenezaji anashauri pawasaplai ya ukubwa gani?

Mbili, lebo ya pawasaplai yangu inaonyesha ampea ngapi za +12V, na nikizidisha kwa 12 napata wati ngapi?

Tatu, kadi inadai kiunganishi gani, na je, waya huo upo kwenye pawasaplai yangu bila adapta?

Nne, nikijumlisha kadi, prosesa na sehemu nyingine, kunabaki nafasi ya kutosha?

Tano, muuzaji yuko tayari kuijaribu chini ya mzigo na kuandika kwenye risiti kwamba inafaa kwa mashine yangu?

Majibu yote matano yakiridhisha, nunueni kwa amani. Jibu moja likikosekana, fedha ibaki mfukoni mpaka lipatikane; duka litakuwapo kesho. Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Gunia la leo lina lebo, na lebo hiyo inasomeka kwa mwenye dakika tano na tochi ya simu.